George Alberti na kisukari cha Tanzania: kwa nini vigezo vinanukuliwa kuliko utafiti wenyewe?

#1 Kongosho_Upanga

Wakuu, habari za jioni.

Anayesoma mambo ya homoni na kisukari lazima amekutana na jina la George Alberti. Alikuwa profesa Southampton, kisha Newcastle, akawa rais wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari London 1997 hadi 2002 na rais wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari 2000 hadi 2003. Kwetu hapa Dar ni mmoja wa waandishi wa ile makala ya jarida la Lancet ya 1989 ya McLarty, Swai, Kitange na wenzao: vijiji sita vya Tanzania, watu 6,299 wa miaka 15 na kuendelea.

Sasa zipange makala zake kwa idadi ya kunukuliwa. Juu kabisa zimekaa za vigezo, yaani mipaka ya kutambua ugonjwa: ya 1998 ya kisukari aliyoandika na Paul Zimmet katika Diabetic Medicine, na ya 2009 katika Circulation, ya ugonjwa wa metaboli (kiuno kikubwa, presha, sukari na mafuta ya damu kwa pamoja). Kila moja imepita mara 10,000 kwenye Google Scholar. Ya Lancet 1973, iliyosaidia kubadili matibabu ya mgonjwa aliyezimia kwa kisukari, iko mbali chini. Ya vijiji vyetu iko kwenye mamia.

Hoja yangu: hesabu hii inaipa sifa kazi ya kamati na kuinyima kazi ya wodini na ya kijijini. Kwa nini? Msinijibu "ndivyo dunia ilivyo", nataka sababu.

#2 Mtakwimu_Kigogo

Watu hawanukuu kilichowafundisha, wananukuu kinachohitajika kwenye sehemu ya mbinu. Kila anayeandika kuhusu kisukari lazima aeleze mgonjwa alimtambua vipi. Glukosi ya plasma baada ya kufunga 7.0 mmol/l au zaidi, au 11.1 na zaidi saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi. Sentensi hiyo inadai rejeo, na rejeo ni Alberti na Zimmet 1998. Hata anayetafiti macho, figo au kifua kikuu, akigawa washiriki kuwa wenye kisukari na wasio nacho, ataliweka.

Makala iliyonukuliwa kuliko zote duniani ni ya Lowry ya 1951 ya kupima protini, zaidi ya mara 300,000. Ni mbinu, si ugunduzi.

#3 Dada_Maabara

Naunga mkono #2, na mfano ulio karibu zaidi ni HOMA, hesabu ya kukadiria mwili unavyokinza insulini. Matthews na wenzake, Diabetologia 1985, makumi ya maelfu ya nukuu. Kinachonukuliwa humo ni mstari mmoja: glukosi ya kufunga (mmol/l) mara insulini ya kufunga (mU/l), gawanya kwa 22.5. Glukosi 5.0 na insulini 9 inakupa 2.0.

Na wengi wanaonukuu hawajaifungua makala yenyewe, utawajua kwa makosa. Mtu ana glukosi ya mg/dl, anagawanya kwa 22.5 badala ya 405, anapata 36 mahali pa 2.0 na anaendelea na jedwali. Mwingine mashine yake inatoa insulini kwa pmol/l, hagawanyi kwa 6 kwanza. Halafu kuna sampuli ambayo chembe nyekundu zimepasuka: kimeng'enya kinachotoka ndani ya chembe kinakula insulini, namba inashuka, mtu anaandika kwamba washiriki wake miili yao inaitikia insulini vizuri. Sampuli ya rangi ya waridi usiipime insulini, itoe tena.

#4 Bwana_Temeke

Dada Maabara akitokea, uzi unageuka darasa. Nimekaa mstari wa mbele.

#5 Mzee_Ilala

Mleta uzi, weka vizuri hapo kwenye 1973. Alberti, Hockaday na Turner hawakuwa peke yao. Sönksen na wenzake London walikuwa wanafanyia kazi insulini ya dozi ndogo kipindi hicho hicho, na Page na wenzake wakatoa ya dripu mfululizo BMJ 1974. Sehemu ya akina Alberti ni ya msuli: uniti 5 hadi 10 kila saa, wakati mazoea yalikuwa kumpa mgonjwa mamia ya uniti kwa siku. Dozi zile kubwa ziliangusha sukari na potasiamu kwa pamoja, na potasiamu ikishuka ghafla moyo unaweza kusimama.

Kwa hospitali isiyo na pampu ya insulini, njia ya msuli ilikuwa mkombozi: sindano, saa ya ukutani na muuguzi. Ina sharti moja ambalo watu hulisahau: mgonjwa aliyepungukiwa maji sana na mwenye presha ya chini hanyonyi dawa vizuri kutoka kwenye msuli. Dripu ya chumvi kwanza. Ukichoma insulini kwenye msuli usio na damu ya kutosha inakaa pale pale, unaongeza nyingine, kisha mzunguko ukirudi zote zinaingia kwa mkupuo.

#6 Kongosho_Upanga

Shikamoo mzee, na asante. Lakini maelezo yako yananipa nguvu: kitu chenye manufaa hayo kilistahili kunukuliwa kama HOMA.

#7 Kipimajoto

Hakikunukuliwa kwa sababu mwongozo ulikimeza. Fuatilia mnyororo wake. 1973 Alberti, 1974 Page, 1976 Kitabchi wa Memphis akalinganisha dozi ndogo na kubwa kwa kura. Baadaye Kitabchi huyo huyo akaongoza tamko la Chama cha Kisukari cha Marekani, lile la 2009 katika Diabetes Care ndilo lililonukuliwa kwa miaka na kila aliyegusa ketoasidosisi, yaani damu kujaa asidi kwa kukosa insulini. Mwandishi wa leo ana nafasi ya marejeo 30 au 40 tu, ataweka tamko moja badala ya makala tano za asili. Nukuu za akina Alberti na Page zimehamia kwa tamko.

#8 Mtakwimu_Kigogo

#7 umegonga penyewe, ila ongeza hatua inayofuata. Jambo likizoeleka sana, hata mwongozo hautajwi. Robert Merton, mwanasosholojia wa sayansi, alilieleza hili: ugunduzi ukiingia kwenye maarifa ya kila siku, jina la mgunduzi linafutika. Hakuna anayenukuu Banting na Best 1922 anapoandika kwamba alitumia insulini. Yalow na Berson walionesha namna ya kupima insulini kwenye damu kwa kutumia mnururisho, makala yao kubwa ni ya 1960. Bila kipimo kile HOMA isingekuwepo, maana namba ya insulini ungeitoa wapi? Lakini HOMA imenukuliwa kuwazidi. Yalow alipata Nobel 1977. Berson alifariki 1972 na Nobel haitolewi kwa marehemu.

#9 Msomaji_Mbezi

Nasoma tu. Nondo tupu.

#10 Faili_Moja

Kabla hamjafika kwenye falsafa, mmehakikisha namba zenyewe? Alberti ni mfano mbaya wa kuhesabu kwa sababu jina lake lina sura nyingi: Alberti KG, Alberti KGMM, Alberti KGM, Alberti G. Kila sura inaweza kufungua wasifu wake kwenye kanzidata. Halafu makala ya 1998 ina pacha: ripoti ya WHO ya 1999 yenye maudhui yale yale. Baadhi wananukuu makala, baadhi ripoti, baadhi wanachanganya mwaka wa hii na jina la ile. Google Scholar huvikusanya vingine na kuacha vingine.

Kuna na hili, kubwa zaidi. Scopus, kanzidata ya kuhesabu nukuu, ilipoanza 2004 ilihesabu nukuu kutoka kwenye makala za 1996 na kuendelea. Baadaye wakaongeza za nyuma hadi 1970. Hesabu zilizonakiliwa kabla ya nyongeza hiyo, na bado zinazunguka kwenye mada za mikutano, zinapoteza nukuu zote za miaka ya mwanzo. Makala ya 1973 ilinukuliwa hasa katika miaka ya sabini na themanini, makala ya 2009 haikupoteza kitu.

#11 Kongosho_Upanga

Faili_Moja, sawa, basi tuwekee hatua za kuhesabu ili wote tuwe na namba moja.

#12 Faili_Moja

Namba moja hutaipata, utapata tatu, na zote zitakuwa sahihi kwa kanuni zao.

Anza na PubMed, orodha ya mtandaoni ya makala za tiba, kupata orodha ya makala. Andika jina la ukoo na herufi za mwanzo, kisha neno Tanzania au Dar es Salaam, hapo utapata kazi za hapa bila kuchanganya na Alberti wa Italia. PubMed si mahali pa kuhesabu nukuu, ni pa kujua makala zipo zipi. Orodha hiyo ndiyo unaipeleka Scopus: tafuta mwandishi, fungua kila wasifu unaofanana, angalia taasisi na miaka. Ukiona wasifu mbili ni mtu mmoja, kuna fomu ya kuomba ziunganishwe. Weka alama ya kuondoa nukuu za mtu kujinukuu, kisha andika tarehe uliyotazama, kwa sababu kesho namba itakuwa nyingine.

Google Scholar itakupa namba kubwa kuliko zote. Inahesabu tasnifu, ripoti, vitabu, mada za mikutano, makala ambazo hazijapitiwa. Kwa utafiti wa Afrika hilo lina faida, maana tasnifu za uzamili za hapa na ripoti za wizara zinaonekana. Hasara yake ni nakala: makala moja inaweza kuonekana mara mbili kwa vichwa vinavyotofautiana nukta. Mwenye wasifu ndiye mwenye uwezo wa kuziunganisha.

#13 Mlimani_Daladala

Mnajisumbua na jumla ya nukuu, kwa nini msitumie h-indeksi? Hirsch alishasema 12 inatosha ajira ya kudumu na 18 uprofesa kamili. Kwisha.

#14 Mtakwimu_Kigogo

#13 acha kupotosha. Jorge Hirsch ni mwanafizikia, na namba zile za 2005 alizipendekeza kwa fizikia. Kisukari kina waandishi wengi mno, nukuu zinapatikana haraka. Tezi ya adrenali au pituitari ni kundi dogo, bingwa wake mkubwa anaweza kuwa na h ndogo kuliko mtu wa kawaida wa kisukari. Ndani ya endokrinolojia yenyewe hazilinganishwi.

Ila umeleta kitu bila kukikusudia. Hesabu ya h ni hii: panga makala kuanzia yenye nukuu nyingi, shuka mstari kwa mstari, simama pale namba ya mstari inapozidi nukuu za makala hiyo. Mtu mwenye 50, 31, 12, 7, 5, 5 ana h ya 5, kwa sababu makala ya sita ina nukuu 5 tu. Tazama sasa malalamiko ya #1. Kwenye h, makala ya 1998 yenye zaidi ya 10,000 inahesabika moja. Ya vijiji yenye mamia nayo inahesabika moja, mradi iko juu ya mstari. Kipimo hiki kinavikata vigezo mabawa kabisa. Kwa hiyo mleta uzi, dhuluma unayoiona iko kwenye jumla ya nukuu, haiko kwenye h.

#15 Kongosho_Upanga

Hapo nakubali nusu. Makala moja haiinui h, lakini mtu wa vigezo haandiki moja. 1998, 2005 katika Lancet, 2009 katika Circulation, na matamko katikati. Zote zinapita mstari kwa urahisi. Wa kijijini anahitaji miaka kupata makala moja.

#16 Dada_Maabara

Hili la miaka halitazamwi kabisa, na #15 kalisema juu juu. Fikirieni kinachohitajika kijijini kupata namba moja ya glukosi ya saa mbili baada ya kunywa. Mshiriki amefunga usiku kucha, kwa muda usiopungua saa 8. Gramu 75 za glukosi kwenye maji ml 250 hadi 300, amalize ndani ya dakika 5. Saa inaanza anapoanza kunywa, si anapomaliza. Akitapika, amepotea. Akienda shambani kuangalia kuku akarudi baada ya saa mbili na nusu, amepotea. Damu ikikaa bila kutenganishwa, chembe zinaendelea kula glukosi, asilimia 5 hadi 7 kwa saa kwenye joto la kawaida la chumba, na vijijini kwetu joto si hilo. Floraidi kwenye chupa inasaidia, ila haizuii mara moja, saa ya kwanza hadi ya pili glukosi bado inashuka. Dawa ni barafu, na kuzungusha damu mapema kutenga plasma.

Zidisha hayo kwa watu 6,299. Halafu mtu anakuja kuyaweka kwenye mizani moja na makala iliyoandikwa mezani.

#17 Kipimajoto

Dada, heshima yako, lakini vigezo navyo havikuandikwa mezani kwa hewani. Kiwango cha kufunga kilishushwa kutoka 7.8 hadi 7.0 kwa sababu tafiti za watu wengi zilionesha 7.8 inaacha wagonjwa ambao kipimo cha saa mbili kinawakamata. Wamarekani walikishusha 1997, mashauriano ya WHO yaliyoongozwa na Alberti yakafuata 1998. Tafiti za idadi ya watu, zikiwemo za Afrika, ndizo chakula cha vigezo. Kanuni ya kunukuu haioneshi nani alimlisha nani, hapo ndipo tatizo lilipo.

#18 Bwana_Temeke

Kwa maneno mengine vigezo ni mizani ya Kariakoo. Kila muuzaji anaitumia, na aliyeleta mpunga kutoka Kyela hatajwi.

#19 Mkufunzi_Sinza

Naleta sababu nyingine, naona wote mmeiruka: data za maambukizi na maenezi zinazeeka, vigezo vinakaa. 1989 kisukari vijijini kilikuwa karibu asilimia 1. Mwaka 2000 Aspray na wenzake wakalinganisha Ilala na kijiji cha Shari kule Hai, wakaonesha mjini kumezidi na unene una mchango mkubwa. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa 2012 ukatoa asilimia 9.1 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Anayeandika pendekezo la utafiti leo anatafuta namba ya karibuni. Atanukuu 2012, ile ya 1989 ataitaja tu kama ana aya ya historia.

Na akiitaja mara nyingi anaitumia vibaya. Anaandika "kutoka asilimia 1 hadi 9" kana kwamba ni watu wale wale. Moja ni vijiji, nyingine ni nchi nzima pamoja na miji. Umri tofauti. 1989 walitumia vigezo vya WHO vya wakati huo, vya kabla ya kushushwa kwa kiwango cha kufunga. Kupanda kupo, lakini ukubwa wake huwezi kuusoma kwa kutoa namba moja kwenye nyingine.

#20 Msomaji_Mbezi

Maambukizi kwenye kisukari, mkufunzi?

#21 Mkufunzi_Sinza

Maenezi. Kisukari hakiambukizi. Endelea kusoma.

#22 Mzee_Ilala

Kuna wanaoamini kazi za Dar hazikuonekana kwa kuwa zilichapishwa kwenye majarida ya huku. Nalikataa kabla halijaletwa. Ya vijiji: Lancet. Wagonjwa 1,250 wa Dar wa 1981 hadi 1987 na hatima yao: BMJ 1990. Ramaiya na wenzake kuhusu jamii ya Wahindu wa Dar: BMJ 1991. Swai, Lutale na McLarty kuhusu kisukari cha watoto na vijana, miaka kumi, Dar: BMJ 1993. Hayo ni majarida yaliyokuwa kila maktaba ya udaktari duniani. Tafuteni sababu nyingine.

#23 Faili_Moja

Mzee, jarida ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni nani atakunukuu. Mwaka 1990 waliokuwa wanaandika kuhusu kisukari cha Afrika walikuwa wachache, na wao wakichapisha kwenye East African Medical Journal au majarida ya ndani, sehemu ya nukuu hizo haikuingia kwenye kanzidata kubwa. Makala ilisomwa na waganga wa wilaya, ikatumika kupanga kliniki. Mganga wa wilaya haandiki makala, basi nukuu haipo.

Taasisi nayo imebadili jina. Muhimbili Medical Centre, kisha chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1991, kisha MUHAS chuo kamili 2007. Ukitafuta kazi za taasisi kwa jina la sasa, za 1989 hadi 1993 zinaweza kukupita zote.

#24 Mtakwimu_Kigogo

Nafasi ya jina nayo ina neno. Kipimo cha Ioannidis, kile kinachotoa orodha maarufu ya asilimia 2 ya wanasayansi wanaonukuliwa zaidi, kinachanganya viashiria sita, na vitatu kati ya hivyo vinatazama ukiwa mwandishi pekee, wa kwanza, au wa mwisho. Kwenye Lancet 1989 McLarty ni wa kwanza na Alberti wa mwisho. Swai, Kitange, Masuki, Mtinangi, Kilima, Makene na Chuwa wako katikati. Kazi yao kwenye viashiria hivyo vitatu ni sifuri. Waliotembea vijijini ni nani? Jibu mnalijua.

#25 Mzee_Ilala

Usikate mti wote kwa tawi moja. Nimeshataja: Ramaiya wa kwanza 1991, Swai wa kwanza 1993. Watanzania hawakuwa katikati siku zote.

#26 Mtakwimu_Kigogo

Sijasema siku zote, mzee wangu. Nimesema kwenye makala ile inayotajwa zaidi.

#27 Kliniki_Mwananyamala

Naomba niongeze la kiuno, kwa sababu ndilo linalonikera zaidi kwenye nukuu za 2005 na 2009. Tamko la 2005 la Alberti, Zimmet na Shaw liliweka sentimita 94 kwa wanaume wa asili ya Ulaya na 80 kwa wanawake. Kwa Afrika kusini mwa Sahara wakasema wazi: tumieni za Ulaya mpaka data zenu zipatikane. 2009 kiuno kikaacha kuwa sharti, ikawa vipengele vitatu kati ya vitano, lakini namba za Afrika zikabaki za kuazima. Kwa hiyo kila mtafiti wa Dar anayepima ugonjwa wa metaboli ananukuu makala hiyo ili kuhalalisha namba ambayo haikupimwa kwa Mwafrika. Sehemu ya umaarufu wa makala hiyo ni pengo lake.

Na upimaji wenyewe ni fujo. Utaratibu wa WHO: katikati ya ubavu wa chini na ukingo wa juu wa nyonga, mtu amesimama, mikono pembeni, mwisho wa kutoa pumzi kwa kawaida. Wamarekani wengi wanapima juu ya ukingo wa nyonga. Mtu ananukuu tamko moja, anapima kwa mtindo mwingine, na juu ya kitenge. Kwa mwanamke tofauti ya mahali pa kupima inatosha kumvusha mstari wa 80.

#28 Kongosho_Upanga

Hii ya pengo sikuitegemea. Lakini inagongana na #2. Kama vigezo vinanukuliwa kwa sababu vinatumika, na hapa vinanukuliwa kwa sababu havitoshi, tunapima manufaa au upungufu?

#29 Kliniki_Mwananyamala

Vyote viwili, na namba haikwambii ni kipi.

#30 Mlimani_Daladala

Tukitoka Newcastle, kwenye GLP-1, homoni ya utumbo inayoigwa na dawa mpya za kisukari na unene, hadithi ni ile ile. Makala ya STEP 1 ya 2021, watu 1,961, semaglutaidi miligramu 2.4 kwa wiki, wiki 68, uzito ukashuka wastani wa asilimia 14.9, inanukuliwa kila siku. Svetlana Mojsov aliyefanya kemia ya homoni yenyewe miaka ya themanini ilibidi apiganie jina lake hata kwenye hataza. Tuzo ya Lasker 2024 ndiyo iliyomweka sawa na Habener na Knudsen.

#31 Kipimajoto

#30 leo umekuja na madini. Ila ile ni ya jaribio la dawa, ina kampuni nyuma yake inayosambaza nakala kwa madaktari. Vigezo vya WHO havikuwa na kampuni. Usivitie kapu moja.

#32 Mzee_Ilala

Na dripu ya GKI (glukosi, potasiamu na insulini) nayo msiisahau, Alberti na Thomas 1979, kwa mgonjwa wa kisukari anayeenda upasuaji: glukosi asilimia 10 chupa ya ml 500, potasiamu 10 mmol, insulini uniti 10 hadi 15 kutegemea toleo, ml 100 kwa saa. Ubora wake ni kwamba dripu ikiziba vyote vinasimama pamoja, insulini haiendelei peke yake. Ubaya: sukari ikibadilika unamwaga chupa nzima na kuchanganya nyingine, na kabla ya kuweka potasiamu lazima ujue figo zinatoa mkojo. Imefundisha wodi nyingi za upasuaji. Wauguzi wanaijua kwa jina la Alberti bila kuisoma.

#33 Kongosho_Upanga

Mzee, hapo umetaja nukuu ambayo hakuna kanzidata inayoiona.

Napendekeza tupime badala ya kubishana. Tuchukue makala zinazonukuu ile ya 1989, tusome sentensi yenyewe ya kunukuu, tuigawe: imetumika kama namba ya kuenea, kama mbinu, au kama pambo la utangulizi. Tufanye hivyo hivyo kwa ya 1998.

#34 Faili_Moja

Sawa, ila usichukue 50 za juu kwenye orodha. Scholar inatanguliza zilizonukuliwa sana, utapata mapitio na matamko tu. Gawa kwa miaka: 1990–1999, 2000–2009, 2010 kuja mbele, chota kwa bahati nasibu kila kundi. Wasomaji wawili kila sentensi, bila kuoneshana, kisha linganisheni mnakubaliana kiasi gani. Na ongeza kundi la nne: aliyenukuu kimakosa.

#35 Dada_Maabara

Kundi la nne litajaa. Mimi nachukua za 1998. Natafuta wanaoandika "WHO 1998" halafu wanaweka glukosi ya kufunga 5.6 kama mwanzo wa sukari iliyopanda. Hiyo ni ya Wamarekani ya 2003, ya WHO ni 6.1.

#36 Mkufunzi_Sinza

Za Tanzania nichukulie mimi 1990–1999. Kongosho, tengeneza jedwali: mwaka, nchi ya mwandishi wa kwanza, sentensi nzima kama ilivyo, kundi. Sentensi ikitumia marejeo matano kwa mpigo, iandikwe hivyo, maana hapo hakuna anayejua ni lipi lilisomwa.